Uliza mwezi wa nne unalipaje

Barua za safari hii karibu zote ni za kazi, sijui ni joto au ni ada za Januari zimewachapa. Nimechukua nne. Ambao sijawajibu msininunie, ukurasa ni mmoja na Shangazi ana mdomo mmoja.

Shangazi shikamoo. Mi ni kijana wa miaka 27, naishi Pasua hapa Moshi, nina digrii ya uhasibu. Toka nimalize chuo nimetuma maombi hata idadi nimesahau, nimeitwa inteviu mbili tu, moja Dar moja Dodoma, nauli mwenyewe, kulala mwenyewe, wote wakanyamaza. Mwaka jana jamaa yangu akanivuta mlima Kilimanjaro nikaanza kubeba mizigo ya wageni, yaani mi saivi ndo mgumu, trip mbili kwa mwezi wageni wakiwepo. Naahidiwa 20,000 kwa siku nikishuka napewa 15,000, ukiuliza unaambiwa kama hutaki wapo wengi getini. Nyumbani Kibosho hawajui, mama anajua nipo "ofisi ya utalii". Mwezi wa 12 watu wakirudi nyumbani natamani ardhi inimeze, kila mjomba swali ni moja, umeajiriwa wapi. Nilijiwekea lengo nikifika 30 niwe nimeajiriwa benki au serikalini, mshahara usipungue milioni na nusu, niwe na gari na msingi wa nyumba. Imebaki miaka mitatu na mfukoni nina 270,000. Niache mlima nikomae na fani yangu au nisahau fani?
*Mgumu mwenye digrii, Pasua*

Marahaba mwanangu. Kwanza nimecheka hapo kwenye ofisi ya utalii, unisamehe, maana ofisi yenyewe ina matope ya Machame na mzigo wa kilo 20 kichwani.

Sasa tuongee. Hilo lengo lako mi silioni kama ni kubwa sana, shida yake ni kwamba karibu lote limeshikwa na watu wengine. Benki ikuajiri au isikuajiri anaamua mtu hujawahi kumuona, serikali itangaze nafasi tano au mia tano we huna neno, na huo mshahara atakupangia yeye. Kwa hiyo unakaa miaka mitatu unasubiri lengo lako litimizwe na wengine, wasipolitimiza unajiona umefeli wewe. Hapana. Lengo liwe kitu ambacho ukiamka Jumatatu asubuhi kuna sehemu yake ya kufanya kabla ya chai.

Chukua kalamu. Trip ya Machame siku 7, kwa 15,000 ni 105,000. Trip mbili kwa mwezi, na miezi yenye wageni wa kueleweka tuseme ni minane, hizo ni trip 16, jumla 1,680,000. Igawe kwa miezi 12 maana tumbo halina msimu. Inatoka 140,000 kwa mwezi, hapo sijaweka tipu lakini pia sijatoa nauli ya kwenda getini, buti, na ile dawa ya mgongo mnayonunua mkishuka msiyopenda kuisema. Hiyo namba ndo mshahara wako wa ukweli. Watu wengi mtaani wanajua kazi inalipa ngapi mwezi wa 8, muulize inalipa ngapi mwezi wa nne anakuangalia kama umemtukana. Mi kazi yoyote naiuliza mwezi wa nne. Mlima haufungwi kipindi cha masika, ila wageni ndo hawaji, na mwenye nyumba wa Pasua hajui masika ni nini.

Alafu hiyo elfu tano inayopotea njiani. Mara siku 7, mara trip 16, ni 560,000 kwa mwaka. Siyo chenji hiyo mwanangu! Kuna KPAP hapo Moshi, mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, nenda ofisini kwao, wanazifahamu kampuni zilizokubali kufuatiliwa jinsi zinavyowalipa na kuwalisha watu wao, na nguo za baridi wanaazimisha bure. Kuhama kampuni ni lengo, na linaweza kutimia ndani ya msimu mmoja, halihitaji mtu wa Dodoma akupigie simu.

Sasa fani. Hapa ndo nimekaa na barua yako muda mrefu kidogo, maana kuna kitu kipo mezani kwako na hujakiona. Mitihani mikuu ya NBAA, bodi ya wahasibu, huwa mwezi wa 5 na mwezi wa 11. Na mlima unapoa lini? Kuanzia mwisho wa mwezi wa 3 mpaka wa 5. Yaani ule mwezi wa nne unaokuua njaa ndo mwezi wako wa kusoma! Wenzako walioajiriwa wanasoma usiku wametoka kazini wamechoka, we una wiki nzima nzima mvua inanyesha huna pa kwenda. Ila usiniletee bangaiza ya kufanya mitihani yote miwili, wa 11 uachane nao, mwezi wa 8, 9 na 10 uko juu huko na kitabu hakisomeki Barafu kempu na baridi ile, taa ya kichwani na vidole vimekufa ganzi. Mtihani wa mwezi wa 5, masomo machache unayoweza kuyabeba, mwaka ujao tena. Ulizia kwanza digrii yako inakuanzishia ngazi gani na masomo gani unasamehewa, usilipie kitu ambacho ungesamehewa.

CPA, cheti cha mwisho cha hiyo mitihani, itakupa kazi? Sikuahidi. Ila ni kitu chako, kikishaingia hakitoki, na ukiwa na nusu ya safari sivii yako haifanani tena na zile mia mbili zingine.

Na hapo kwenye sivii niseme jambo. Nimekaa ofisi ya hoteli Arusha miaka, kupokea sivii ilikuwa sehemu ya kazi yangu, zilikuwa zinafanana mpaka unadhani kijana mmoja anatuma kwa majina arobaini, wote "nina uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo", shinikizo gani hawasemi. Siku moja ikaja ya mmoja kaandika amebeba mzigo Marangu na Machame trip zaidi ya ishirini, anajua trip ya wageni wanne inakula mchele kiasi gani na gesi mitungi mingapi. Nikamwita huyo. Wengine wote waliificha kazi kama hiyo wakaacha pengo la miaka miwili kwenye karatasi, na pengo ndo linatia shaka kuliko mzigo.

We ni mhasibu unayejua kwamba mgeni mmoja anahitaji wagumu watatu au wanne, mnapimwa mizani getini, na risiti ya mboga za trip huwa inaongezwa wapi. Kampuni za mlima Moshi na Arusha zimejaa, nyingi ndogo, bosi anashika hesabu kwenye daftari na simu. Huyo mtu hatangazi kazi kwenye gazeti. Anza na kampuni unayobebea au itakayofuata, mwambie mwenye kampuni nitakufungia hesabu za trip tatu nikuonyeshe kila moja imekuingizia nini baada ya kulipa watu na hifadhi, nilipe kidogo. Maduka ya mjini pia, waliosajiliwa VAT wanahangaika kila mwezi na ritani zinazotakiwa TRA tarehe 20, wawili watatu wa hivyo ukiwashika mwezi wa nne wako umepata ugali.

Kwa hiyo usiache mlima, na fani usisahau. Milioni na nusu na gari ukifika miaka 30 sidhani, nakuambia ukweli kama ningemwambia mwanangu. Kufika 30 ukiwa na baadhi ya masomo ya NBAA, kampuni inayolipa kilichoahidiwa na wateja wanne wa hesabu, hiyo naiona. Ukitaka njia ya kupanda mlima wenyewe, uwe mwongozaji, nayo ipo, ila ni kozi, huduma ya kwanza, leseni ya hifadhi na Kiingereza cha kuongea siyo cha darasani, siyo ya kuichanganya na CPA mwaka huohuo.

Mama mwambie. Mwambie wewe kabla ya Desemba, maana Kibosho na geti la Machame si mbali, kuna siku jirani atakuona na mzigo na ataisimulia vibaya kuliko wewe.

Shangazi, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, niko Usa River, nafanya shamba la maua mwaka wa sita. Tunaingia asubuhi giza bado, tunakata waridi, tunapeleka chumba cha baridi, mikono yangu ukiiona utadhani nimepigana na paka. Nalipwa 170,000. Jioni nashona, nilifundishwa na mama mkubwa toka nina miaka 15, nina cherehani moja ya miguu, watu wananisifia. Nataka niache shamba mwezi ujao nifungue duka la ushonaji ila sina cheti chochote na dada yangu anasema nisubiri nipate milioni tano. Nani yuko sahihi?
*Mshonaji wa usiku*

Salama mdogo wangu. Wote wawili hamko sahihi, dada yako na wewe.

Milioni tano ukiisubiri kwa mshahara wa 170,000 na watoto wawili utashona kanzu za kuzikia kwanza. Na kuacha mwezi ujao nako ni kurukia maji hujui kina. Naomba ufanye hivi, daftari la shule la kawaida tu, andika kila nguo unayoshona, ya nani, kitambaa cha nani, umelipwa ngapi, umekaa nayo saa ngapi, na amelipa lini siyo ameahidi lini. Mwaka mzima ingekuwa vizuri ila najua huna subira, basi angalau kuanzia sasa mpaka Pasaka ipite. Kwanini Pasaka? Kwa sababu ushonaji nao una mwezi wake wa nne. Desemba na Januari sare za shule zinakuzidi mpaka unakataa watu. Alafu inakuja Kwaresima, na huku kwetu Kwaresima hakuna harusi, hakuna harusi hakuna vitenge vya kamati, hakuna vitenge cherehani inapata utando wa buibui. Fundi aliyefungua duka Desemba akilewa oda za sare, mwezi wa tatu namkuta anauza vocha mlangoni.

Shamba lenyewe nalo lina msimu, mwezi wa pili kwa ajili ya Valentaini mnakata maua mpaka mnaota mnakata, nadhani ovataimu ya kipindi hicho unaijua. Hiyo usiile. Hiyo ndo ovaloki yako. Mashine ya ovaloki ndo inatofautisha nguo ya fundi na nguo ya mama mkubwa, samahani kwa mama mkubwa.

Cheti sasa. Kuna utaratibu VETA, wanautambua ujuzi uliojifunza nje ya darasa, unaitwa kurasimisha ujuzi. Huanzi kidato chochote, wanakupima unachojua, wanakuonyesha palipopungua, ukifaulu wanakupa cheti. Nenda chuo cha VETA Arusha au Moshi uulize fani ya ushonaji wanapima lini, beba nguo mbili ulizoshona, moja iwe na zipu na kola maana hapo ndo mafundi wa mtaani wengi wanaumbuka (na mimi nina gauni kabatini linathibitisha, kola imekaa kama sikio la mbuzi).

Mtaji: halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mkopo ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024, safari hii wanakagua zaidi, unaombwa kwa kikundi siyo mtu mmoja. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yako ndo pa kuanzia. Ila kikundi chagua watu kama unavyochagua mtu wa kumwachia mtoto, nimeona kikundi cha vikoba kimevunjika kwa sababu ya mmoja aliyenunua sofa.

Siku ya kuacha shamba utaijua kwenye daftari. Miezi mitatu mfululizo, mmoja wao ukiwa wa Kwaresima, ushonaji wa jioni ukiingiza zaidi ya 170,000 baada ya nyuzi na umeme, andika barua ya kuacha. Kama hauingizi, we bado ni mfanyakazi wa maua mwenye kipaji, si aibu, ongeza mwaka.

Shangazi mambo, niko Ngarenaro Arusha, kuna kaka ana koneksheni ya ajira serikalini, anasema nafasi yangu ipo tayari natakiwa nitoe 300,000 ya "faili" na 150,000 ya vipimo. Mama yuko tayari kuuza mbuzi. Nina wiki moja tu.
*Kijana mwenye haraka*

Poa mwanangu. Mbuzi abaki bandani.

Nafasi nyingi za utumishi wa umma zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, unaombea kwenye Ajira Portal, kuomba ni bure, majina ya wanaoitwa usaili yanawekwa wazi kila mtu anasoma. Hakuna faili la 300,000. Na hiyo wiki moja ndo harufu yenyewe, mtu akikupa kazi hakuharakishi utoe hela, anakuharakisha ulete vyeti. Tena huyo kaka akikuambia ana mtu ndani kweli, basi ni rushwa, na sheria yetu inamkamata anayetoa na anayepokea wote. Namba ya TAKUKURU ni 113, haina makato.

Kama umeshampa kitu, usimpe kingine ili "kukomboa" cha kwanza. Hapo ndo wengi wanamalizikia. Fungua akaunti ya portal wiki hii, NIDA na vyeti viwe vimekaa sawa humo, na jina kwenye cheti cha kuzaliwa lifanane na la kidato cha nne, herufi moja ikipishana unaweza kupoteza nafasi uliyostahili.

Shangazi heshima yako. Ni dereva wa haisi Arusha mjini, miaka 41, nimechoka hesabu ya bosi na makonda. Nataka niwe dereva wa watalii, wanaongea Kifaransa nasikia wanalipwa vizuri. Je umri huu nitaweza lugha?
*Suka wa Kijenge*

Kaka karibu. Umri unatosha, wageni wengi wanapenda dereva aliyetulia kuliko chalii wa miaka 23 anayekimbiza Noah. Lugha kwa miaka 41 inaingia ila inaingia kwa mlango wa nyuma, taratibu.

Kinachonitisha kwako siyo Kifaransa, ni kwamba hujataja mnyama hata mmoja. Ile kazi kuendesha ni nusu. Nusu nyingine mgeni anakuuliza huyu ndege anaitwaje, kwanini nyumbu wanahama, na saa kumi jioni gari limezama kwenye tope Ndutu na we ndo wa kulitoa huku unatabasamu. Umewahi kukaa siku sita na watu walewale kwenye gari bila kugombana? Haisi abiria anakuudhi Kilombero anashuka Sanawari, kule anakuudhi Manyara mnashuka naye Serengeti.

Kabla hujalipa senti kwenye kozi, tafuta dereva mmoja wa watalii unayemfahamu, najua unao, mnakutana gereji. Mkute mwezi wa nne, muda anao kipindi hicho. Mnunulie chai umuulize analipwa ngapi kwa siku akiwa nje na ngapi akiwa nyumbani, wengi ni sifuri, na anasomeshaje watoto miezi hiyo. Kama bado unaitaka, kozi ya uongozaji inakuja kwanza na Kiingereza cha kuongoza, Kifaransa kifuate. Alliance Française ipo hapahapa Arusha, madarasa yanaanzia chini kabisa. Jipe miaka mitatu ya jioni, siyo miezi mitatu, na muda huo haisi usiiache, ila mwambie bosi Jumamosi jioni huendeshi.

Na ukiwa kwenye foleni ya Clock Tower, hesabu magari kwa Kifaransa. Konda atakucheka, mwache acheke.